Matundu Matano ya Gari la Fisi

Nigonge?

— Gonga, tupo.

Niingie na matope miguuni?

— Ingia, tutafagia.

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa gari, pakawa fisi, pakawa panya. Gari lilikuwa na milango, fisi alikuwa na meno, panya alikuwa na mimba. Nani alishinda?

— Tuambie wewe.

Basi tulieni.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana magari yalikuwepo, palikuwa na kijiji cha wanyama kule juu milimani, nchi ya viazi na mawingu. Kule masika yakianza, barabara inageuka uji. Masika yakiisha kinaingia kipupwe, na sakitu, umande ulioganda, inalala juu ya majani kama chumvi. Kuanzia mvua ya kwanza hadi sakitu ya mwisho, gari halipandi wala halishuki. Linafunikwa turubai, linangoja.

Gari lenyewe lilikuwa moja, pikapu, na mwenyewe alikuwa Fisi.

Fisi alikuwa na nguvu, alikuwa na sauti, alikuwa na tumbo. Ukimpa kimoja, alisema cha pili kiko wapi. Ukimpa cha pili, alisema hivi ni vya asubuhi, vya jioni viko wapi.

Mwaka huo mkewe, Bi Fisi, alijifungua mapacha. Desturi ya kijiji ilijulikana. Mama akijifungua, anakaa ndani siku arobaini. Hapiki, hachoti maji, haendi popote. Majirani wanaleta.

Fisi aliipenda desturi hiyo kuliko mnyama yeyote. Kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba.

Ko, ko, ko. "Hodi. Mzazi huletewa." Nungunungu akatoa viazi.

Ko, ko, ko. "Hodi. Mzazi huletewa." Ngiri akatoa karanga.

Ko, ko, ko. "Hodi. Mzazi huletewa." Kanga akatoa mayai.

Viazi havikufika kwa mzazi. Karanga hazikufika. Mayai hayakufika. Vyote viliingia kwenye magunia, na magunia yakaingia ndani ya pikapu, pembeni ya kiti cha dereva. Fisi alikuwa anajiwekea ya kipupwe, wakati ghala za wenzake zitakapokuwa tupu. Bi Fisi alipouliza, aliambiwa majirani wa siku hizi ni wachoyo. Akanywa uji mwepesi, akanyonyesha.

Siku ya kumi na tano alikuja Digidigi.

"Bwana Fisi, samahani sana. Ule mkeka anaolalia mkeo ni wangu, niliwaazima. Kesho napata wageni. Naomba mumtandikie mwingine."

 Fisi akaitisha mkutano wa kijiji.

"Ndugu zangu," akasema, "leo mkeka, kesho kitanda, keshokutwa mzazi atatolewa nje kwenye mvua. Tuweke sheria. Mzazi hasogezwi kabla ya arobaini. Alicholalia mzazi hakiguswi. Awe nani, awe wapi. Atakayevunja, ahame kijiji."

Mwenyekiti alikuwa Bi Kobe, aliyefikiri kwa mwendo uleule aliotembea.

"Awe nani, awe wapi," akarudia. "Una hakika unataka maneno hayo yawemo?"

"Yaandike."

"Tukiyaandika hayafutiki."

"Mwenyekiti, kwani kalamu ina uzito gani? Yaandike."

Yakaandikwa. Mikono ikainuliwa, sheria ikapita. Digidigi alikaribisha wageni wake juu ya majani makavu.

Baada ya wiki moja ikaanguka mvua ya kwanza. Tii, tii, tii. Fisi akalirudisha pikapu nyuma hadi kwenye banda lake, akatoa turubai. Hapo akakumbuka jambo. Mwaka uliotangulia panya waliingia ndani ya gari wakala mkanda, wakala sponji ya kiti, wakala na kitabu cha gari. Safari hii kulikuwa na magunia humo.

Akaenda kuuliza kwa Bi Kobe.

"Ni mambo matatu," Bi Kobe akasema. "Toa ndani ya gari kila kinacholiwa. Ziba matundu. Chomoa waya wa betri."

Fisi alisikia la katikati.

Paka naye akajitokeza. "Nipe mimi kazi hiyo. Nitalala juu ya boneti masika yote. Nataka maziwa tu, kikombe kimoja kwa siku."

"Kikombe kizima?"

"Na samaki siku ya Ijumaa."

"Bwana Paka," Fisi akasema, "panya wenyewe wananilia nusu ya hapo. Afadhali niwaajiri wao."

Alisema kwa utani. Lakini chini ya jiwe, hatua tatu kutoka bandani, Panya alikuwa anasikiliza.

Panya huyu alikuwa mdogo kama wenzake, na siku hizo tumbo lake lilimtangulia. Masika yaliyopita alijifungua watoto saba chini ya jiwe lilelile. Maji yakaingia usiku wa tatu. Asubuhi hakubaki hata mmoja. Mwaka huu alikuwa amebakiza siku chache, na maji yalikwishafika kwenye kizingiti.

Kwanza aliomba kwa heshima, kama jirani.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Naomba kona moja ya banda lako. Nikishajifungua na watoto wakipata manyoya, nitaondoka."

"Una miguu mingapi?"

"Minne."

"Basi itumie. Nikikukuta humu nitakutafuna pamoja na hilo tumbo."

Panya akarudi chini ya jiwe. Akakaa. Akafikiri. Akamwambia mumewe, "Chukua kikapu."

Kesho yake asubuhi alisimama mlangoni kwa Fisi na kikapu kimefunikwa kitambaa.

"Hodi. Mimi fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa matundu. Mzee wangu, tundu la panya analijua panya. Wewe ukiliangalia gari lako unaona bati. Mimi naona milango mitano. Niruhusu niingie ndani. Kila penye tundu nitatoa mkia, wewe uko nje unaziba. Mimi chwi, wewe pu. Tukimaliza, panya hataingia humo hadi kiangazi."

"Na wewe utapata nini?"

"Malipo sitaki. Natafuta jina tu. Watu wakijua nimeziba gari la Bwana Fisi, nitapata kazi kijiji kizima."

Kikapu kikapiga chafya.

"Ni nini hicho?"

"Vifaa. Vina vumbi."

Fisi akafikiri. Kazi ya bure ilimkaa vizuri. Akaleta magunzi ya mahindi, akakanda udongo wa kichuguu. Panya akapandia kwenye tundu la kanyagio, na kikapu chake, akaingia ndani.

Sasa nikisema chwi, nyinyi semeni pu. Tumeelewana?

— Tumeelewana.

Chini ya gia kulikuwa na tundu. Chwi, mkia ukatoka.

— Pu.

Fisi akaweka gunzi, akapaka udongo. Pembeni ya mlango mpira ulikuwa umekatika. Chwi, mkia ukatoka.

— Pu.

Gunzi, udongo. Mbele, pale upepo unapoingilia, palikuwa na tundu. Chwi.

— Pu.

Nyuma ya kiti, palipoliwa na kutu. Chwi.

— Pu.

Likabaki la tano, lile la kanyagio ambalo Panya aliingilia. Hapo angetokea, Fisi azibe, kazi iishe. Panya akatoa pua badala ya mkia.

"Bwana Fisi, swali moja kabla sijatoka. Haya magunia ni ya nani?"

Fisi akasimama na gunzi mkononi.

"Magunia gani?"

"Hili lina viazi vyekundu, vya Nungunungu. Hili lina karanga, naona hata ugwe aliofungia Ngiri. Na haya mayai yana madoa, kama ya Kanga. Si ndiyo vitu vya mzazi? Mbona mkeo nasikia anakunywa uji mtupu? Ngoja nitoke nikawaulize wenyewe."

Fisi akatazama kushoto. Akatazama kulia. Bandani hapakuwa na mtu. Akaona kwamba tatizo lake lina urefu wa kidole na limo ndani ya gari lake, na mlango umebaki mmoja, na gunzi analo.

Mkia haukutoka. Lakini yeye akafanya nini?

— Pu.

Pu. Akaongeza gunzi la pili. Pu. Akapaka udongo hadi kiwiko kikachafuka. Akafunika turubai, akalifunga kwa kamba.

"Fundi," akaliambia turubai, "jina umepata."

Ndani, Panya alisikiliza nyayo zikiondoka. Halafu akafunua kikapu. Mumewe akatoka, akajikung'uta.

"Ameziba?" mume akauliza.

"Kaziba vizuri sana. Huyu angefanya kazi hii maisha yake yote angefika mbali."

"Ulijua atakufungia?"

"Kumwomba aniweke ndani nilimwomba, akakataa. Nikaona nimwachie aamue mwenyewe."

Hapakuwa na tundu la maji. Hapakuwa na tundu la upepo. Paka hakuwa na pa kupitia, wala nyoka. Mvua ilipiga turubai, cha, cha, cha, na ndani palikuwa pakavu. Kulikuwa na sponji ya kitanda na karanga za kula. Panya akatandika juu ya gunia la mayai, katikati, ambapo palikuwa na majani makavu. Kabla ya kulala akafanya kazi moja zaidi. Chini ya usukani kulikuwa na nyaya. Akachagua mbili, za honi. Akazimenya kama anavyomenya karanga, akaziacha zikitazamana bila kugusana.

Siku ya nne alijifungua. Watoto wanane. Maji hayakuingia usiku wa tatu, wala wa nne, wala wa kumi.

Huko nje Fisi alipita kila siku, akaweka sikio kwenye turubai. Kimya. Akatabasamu. Siku ya kumi na moja alikuwa ametamani mayai. Mchana, mvua ikinyesha, mkewe amelala, akachukua ufunguo, akafungua kamba, akainua turubai. Kacha. Akafungua mlango.

Panya alikuwa amelala juu ya magunia, watoto wanane kifuani.

"Wewe hukufa?" Fisi akauliza.

"Sikupata nafasi, Bwana Fisi. Nilikuwa nazaa."

 Fisi akafungua mdomo kuwameza wote kwa mara moja, mama na watoto na majani. Chini ya usukani, mume wa Panya akashika waya mmoja kwa meno, akausogeza kwa mwenzake.

Piiiiiiiiiiii.

Fisi akaruka nyuma, kichwa kikagonga paa la banda. Piiiiiiiiiiii. Akazungusha ufunguo. Akapiga usukani. Piiiiiiiiiiii.

Honi ya gari wakati wa masika ni habari. Kijiji kizima kilikuja, wengine wamejifunika majani, wengine masufuria. Nungunungu alikuja. Ngiri alikuja. Kanga alikuja na Digidigi. Wote walifika haraka, isipokuwa mwenyekiti. Wakamngoja. Honi nayo ikamngoja, haikunyamaza. Bi Kobe alipokanyaga banda, mume wa Panya akaachanisha nyaya.

"Mwenyekiti," Fisi akasema, "nimekamata mwizi. Ameingia ndani ya gari langu akazaa humo. Nataka atolewe sasa hivi."

"Bi Panya," Bi Kobe akauliza, "uliingiaje?"

"Kwa ruhusa, Mwenyekiti. Nilikuwa fundi wake. Na kutoka nilitaka kutoka. Muulizeni gunzi la tano limewekwa kutoka ndani au kutoka nje."

Bi Kobe akainama chini ya gari. Kuinama kwake si jambo la dakika moja. Aliporudi alisema, "Kutoka nje. Na kwenye udongo kuna alama za kucha. Bwana Fisi, hebu mkono."

Fisi akaficha mkono.

Wakati huo Kanga alikuwa amechungulia ndani. "Haya mayai nayafahamu," akasema.

"Mayai yanafanana," Fisi akasema.

"Yanafanana kwako wewe unayeyala. Mimi nayataga."

Nungunungu akaona viazi vyake. Ngiri akaona ugwe wake. Hatua kumi kutoka hapo kulikuwa na dirisha la nyumba ya Fisi. Bi Fisi hakutoka, siku zake zilikuwa bado. Lakini masikio yalikuwa yamekwishatoka.

"Shoga Kanga," akaita kutoka ndani. "Ni mayai yale ambayo hukuniletea?"

"Nilileta kila siku, shoga."

"Kila siku?"

"Hata siku ya mafuriko."

Dirisha likafungwa, ko. Fisi alisema baadaye kwamba kati ya kelele zote za mchana ule, hiyo ko moja ndiyo iliyomuumiza.

"Hayo tutayazungumza," akasema haraka. "Kwanza panya atoke."

Bi Kobe akamgeukia Digidigi. "Wewe ndiye uliyepoteza mkeka. Sheria inasemaje?"

Digidigi alikuwa anaijua kwa moyo. "Mzazi hasogezwi kabla ya arobaini. Alicholalia mzazi hakiguswi. Awe nani, awe wapi. Atakayevunja, ahame kijiji."

"Amelalia nini?"

Wote wakatazama. Panya alikuwa amelalia viazi, amelalia karanga, amelalia mayai. Mguu mmoja alikuwa ameunyoosha, akaulalisha juu ya kiti cha dereva.

"Lakini ile sheria ilikuwa ya mke wangu," Fisi akasema.

"Nilikuuliza," Bi Kobe akasema. "Uliniambia kalamu haina uzito."

Panya akasema, "Mwenyekiti, alicholalia mzazi, mtu mwingine haruhusiwi kukigusa. Je, mzazi mwenyewe akitaka kutoa?"

"Anaruhusiwa."

"Basi mayai yote na nusu ya viazi vipelekwe dirishani. Kutoka kwa mzazi kwenda kwa mzazi mwenzake."

Siku hiyo Bi Fisi alikula hadi akatokwa na jasho.

Fisi akaanza kuhesabu. Kila asubuhi aliweka alama ya jino kwenye nguzo ya banda. Siku moja, kru. Siku mbili, kru. Siku arobaini, kru. Akaja na ufagio.

"Hodi. Arobaini imetimia."

"Ya wale wa kwanza imetimia," Panya akasema. "Tembea polepole tu, wapya wamelala. Nimejifungua juzi."

"Si uliingia humu peke yako? Mume ametoka wapi?"

"Alikuwa ndani ya kikapu. Si ulimsikia akipiga chafya?"

Fisi akarudi kwenye nguzo, akaanza upya. Kru, kru, kru. Siku arobaini. Akaja na ufagio.

"Hodi. Arobaini imetimia."

"Yangu imetimia. Ya binti yangu imeanza jana. Mpe hongera, ndiyo uzao wake wa kwanza."

Kru, kru, kru. Masika yakaisha. Kipupwe kikaingia, kikatoka. Sakitu ya mwisho ikayeyuka, barabara ikakauka, gulio la bondeni likafunguliwa. Fisi akaenda kwa mwenyekiti.

"Nimekubali. Wakae humohumo na uzazi wao. Mimi naendesha gari langu."

Bi Kobe akafikiri. "Gari likienda, mzazi atasogea au hatasogea?"

Fisi akafikiri pia. "Atasogea."

"Haya," Bi Kobe akasema.

Mwaka huo Fisi alishusha viazi vyake gulioni kwa miguu, gunia limekaa nyuma juu ya kiuno. Alishuka nalo, akapanda, akashuka nalo tena. Mtazameni hadi leo anavyotembea, mbele juu, nyuma chini. Gunia alikwishalitua zamani, mgongo umebaki palepale.

Naye Panya hakuhamia tena chini ya jiwe.

Funzo la hadithi hii ni kwamba mwenye gari azibe matundu kabla ya mvua. Magunzi na udongo wa kichuguu vinafaa. Msisikilize watu wanaosema Fisi alishindwa, hao hawakuwepo. Fisi alitaka jambo moja, panya wasiingie ndani ya gari, na tangu alipoziba tundu la tano hakuna panya hata mmoja aliyeingia. Waliotoka ni arobaini na mmoja, lakini hilo halikuwa kwenye makubaliano.

Natoka.

— Toka. Na haya matope yako?

Yaacheni hapo. Hayasogezwi kabla ya arobaini.